Ibara ya 17 na Jirani Yake

Jumatatu ya tarehe 29 Novemba 1948, Bunge la Katiba la India, likiwa kikaoni mjini Delhi, lilifika kwenye kifungu ambacho katika rasimu kilipewa namba 11. Kilikuwa na sentensi mbili tu. Ya kwanza ilitangaza kwamba desturi ya kuwahesabu watu fulani kuwa hawaguswi imekomeshwa, na kuitenda kwa namna yoyote ni marufuku. Ya pili ilisema kwamba atakayemzuia mtu kupata kilicho haki yake kwa sababu ya desturi hiyo atakuwa ametenda kosa la jinai. Wajumbe kadhaa walisema yao, pendekezo la kukibadilisha likakataliwa, kifungu kikapita. Ukumbi ukapaza sauti kumtukuza Mahatma Gandhi, aliyekuwa ameuawa kwa risasi miezi kumi nyuma, mjini humohumo.

Wiki hiyohiyo wajumbe walewale walijadili kifungu cha 12, kilichoizuia serikali kumpa mtu cheo cha heshima. Na "Mahatma" ni nini kama si cheo cha heshima? Ila hicho hakikutoka serikalini. Watu walikitoa wenyewe, na hakuna aliyefikiria kuwanyang'anya.

Katika Katiba iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, vifungu hivyo vilipata namba 17 na 18, na vimekaa ubavu kwa ubavu mpaka leo. Vitabu vya sheria huvisoma kila kimoja peke yake: cha kwanza kwa kurasa nyingi, cha pili kwa aya mbili za haraka. Lakini vinafaa kusomwa pamoja, kwa kuwa vinashughulikia ngazi moja kutoka ncha zake mbili. Juu walikuwapo watu waliozaliwa waheshimiwa, au waliofanywa hivyo kwa barua yenye mhuri. Chini kabisa walikuwapo watu waliozaliwa najisi. Swali lililo nyuma ya vifungu vyote viwili ni nani aliyekuwa akigawa heshima na nani aliyekuwa akigawa aibu, maana anayegawa ndiye anayeweza kuamriwa aache.

Mwenyekiti wa kamati ya rasimu, Bhimrao Ramji Ambedkar, hakuhitaji kusimuliwa habari za ncha ya chini. Alizaliwa mwaka 1891 katika kambi ya jeshi ya Mhow, katika jamii ya Wamahar, mtoto wa mwanajeshi aliyekuwa pia mwalimu. Shuleni alikalia kipande cha gunia alichokuja nacho kutoka nyumbani, na jioni alirudi nacho, kwa sababu mtumishi wa kufagia shule asingekubali kukigusa. Bomba la maji lilikuwapo, ila hakuruhusiwa kulifungua kwa mkono wake. Ilibidi tarishi wa shule amfungulie. Siku ambayo tarishi hayupo, mtoto alishinda na kiu.

Elimu ilimpeleka mbali. Sayajirao Gaekwad wa Tatu, mtawala wa Baroda, alimlipia masomo katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kuanzia 1913, na baadaye akasoma London School of Economics na kufuzu uwakili Gray's Inn. Mwaka 1917 alirudi Baroda kumtumikia mfadhili wake, na ofisa huyo mwenye usomi wa Marekani hakupata mtu wa kumpangisha chumba. Alijipenyeza kwenye nyumba ya wageni ya Waparsi kwa kutumia jina la Kiparsi. Alikaa siku chache tu kabla kundi la wanaume wenye fimbo halijapanda ngazi na kumwamuru awe ameondoka ikifika jioni. Hakuna sheria iliyowatuma wanaume wale. Wala hakuna iliyowazuia.

Miaka kumi baadaye alipata nafasi ya kupima karatasi ina nguvu gani. Baraza la kutunga sheria la Bombay lilikuwa limepitisha azimio mwaka 1923 kwamba visima, mabwawa na mahali pengine pa umma paliposhughulikiwa kwa fedha za serikali pawe wazi kwa watu wote. Halmashauri ya mji mdogo wa Mahad ikafuata mwaka 1924 kwa kulifungua bwawa lake la Chavdar. Kimaandishi, mambo yalikuwa yamekwisha. Bwawani penyewe hakuna Mmahar aliyethubutu kuchota, ingawa ng'ombe walikunywa humo bila kuulizwa ukoo.

Tarehe 20 Machi 1927 Ambedkar aliongoza maelfu ya watu mpaka ukingoni mwa bwawa, akainama, akanywa. Wenzake wakanywa. Kosa lilikuwa hilo tu. Muda si mrefu uvumi ukazagaa kwamba sasa wanataka kuingia hekaluni, na watu wenye fimbo wakawavamia waandamanaji waliokuwa wakijitayarisha kurudi makwao. Kisha wakubwa wa mji wakalitakasa bwawa kwa kumimina mitungi 108 ya mchanganyiko uliokuwa na mavi na mkojo wa ng'ombe, huku makuhani wakisoma dua. Mkojo wa ng'ombe ulisafisha kile ambacho midomo ya watu ilikuwa imekichafua.

Mwezi Desemba mwaka huohuo Ambedkar alirudi Mahad kunywa tena, akakuta zuio la mahakama: wapinzani walikuwa wamefungua kesi wakidai bwawa ni mali binafsi. Hakuvunja zuio. Badala yake, tarehe 25 Desemba, mkutano wake ulichoma hadharani nakala ya Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu kinachopanga watu kwa kuzaliwa. Kesi ya bwawa iliburuzwa mpaka Machi 1937, Mahakama Kuu ya Bombay ilipoamua kwamba wapinzani hawakuthibitisha desturi yoyote ya kale iliyowapa haki ya kuwafukuza wengine. Miaka kumi kwa mkupuo mmoja wa maji.

Mtu akiifungua Katiba ya India leo na kusoma Ibara ya 15, atakuta orodha isiyo ya kawaida katika waraka wa hadhi hiyo: maduka, mikahawa ya umma, hoteli, visima, mabwawa, ngazi za kuogea mtoni, barabara. Katiba nyingine huzungumzia uhuru na utu kwa maneno mapana. Hii inataja visima. Wasioijua Mahad huweza kudhani waandishi walikosa staha ya lugha.

Ambedkar hakuwa peke yake ukumbini. Dakshayani Velayudhan, mwanamke pekee wa Kidalit (Wadalit ndilo jina la jamii zilizohesabiwa kuwa haziguswi) katika Bunge hilo, alikuwa na miaka 36 siku kifungu cha 11 kilipopita. Alizaliwa mwaka 1912 katika kisiwa cha Mulavukad, karibu na Kochi, katika jamii ya Wapulaya, ambao walitakiwa kukaa umbali maalumu na watu wa matabaka ya juu. Mwaka uliofuata baada ya kuzaliwa kwake, Wapulaya wa huko waliazimia kufanya mkutano wao wa kwanza mkubwa. Hawakuwa na ardhi ambayo wangeruhusiwa kukusanyika juu yake, hivyo walifunga mitumbwi pamoja katikati ya maji na kukutania humo. Dakshayani akawa mwanamke wa kwanza wa Kidalit nchini kupata shahada. Alisomea sayansi, na mwalimu wake wa maabara, mtu wa tabaka la juu, hakutaka kumwonyesha majaribio kwa karibu. Ilimbidi ajifunze kwa kutazama kutoka mbali.

Siku ile aliunga mkono kifungu, lakini si kwa shangwe tupu. Alikumbusha kwamba utendaji wa Katiba utategemea watu watakavyoenenda, si maandishi ya sheria peke yake, na kwamba Bunge lingeweza kulaani ubaguzi huo tangu lilipoanza kukutana. Ukisoma kumbukumbu za kikao baada ya yote yaliyofuata, hotuba yake imezeeka vizuri kuliko shangwe za wenzake.

Wawili wengine walikuwa na wasiwasi wa namna tofauti. Naziruddin Ahmad, mjumbe kutoka Bengal, alilalamika kwamba neno lenyewe, kutoguswa, halina tafsiri kisheria, akataka kifungu kitaje wazi dini na tabaka. Profesa K. T. Shah alitoa mfano uliowafanya wengine watabasamu: katika nyumba nyingi za Kihindu, mwanamke aliye katika siku zake hawezi kuguswa kwa muda, na hata aliyetoka mazikoni. Je, hao nao wamo? Ambedkar alikataa pendekezo la Ahmad, na alipoulizwa kama atajibu hoja za Shah, hakutoa jibu. Kifungu kikaingia katika Katiba bila tafsiri, na hakijapata tafsiri hadi sasa.

Majaji wakaachiwa kazi. Mwaka 1958 Mahakama Kuu ya Mysore ilisema neno lisichukuliwe kama lilivyo katika kamusi, bali kwa maana ya desturi iliyokua ndani ya historia ya India. Hivyo mgonjwa aliyetengwa kwa sababu ya ndui hahusiki. Wengi wakadhani mfano wa Shah umezikwa. Kisha tarehe 28 Septemba 2018, karibu miaka 70 baada ya mjadala ule, Mahakama ya Juu ilitoa hukumu kuhusu hekalu la Sabarimala huko Kerala, ambako wanawake wa kati ya miaka 10 na 50 walikuwa hawaruhusiwi kuingia. Jaji D. Y. Chandrachud aliandika kwamba kumtenga mwanamke kwa sababu ya hedhi ni kumfanya najisi, na kwamba Bunge la Katiba liliacha neno bila tafsiri kwa makusudi, ili lisibanwe. Jaji Indu Malhotra, mwanamke pekee katika jopo hilo, alikataa: kwake Ibara ya 17 ni ya tabaka na ya tabaka tu. Novemba 2019 mahakama hiyohiyo iliamua maswali ya kesi hiyo yapelekwe mbele ya jopo kubwa zaidi. Ambedkar alijua kunyamaza.

Sasa ncha ya juu.

Waingereza waliitunza ngazi hiyo kwa bidii. Mara mbili kwa mwaka, Mwaka Mpya na siku ya kuzaliwa Mfalme, gazeti la serikali lilichapisha orodha ya waliotunukiwa. Mhindu aliyewafaa watawala aliweza kuwa Rai Sahib, akapanda kuwa Rai Bahadur. Sehemu za kusini na magharibi aliitwa Rao Bahadur. Mwislamu au Mparsi alikuwa Khan Sahib, kisha Khan Bahadur. Waliobahatika zaidi waliitwa Sir. Watawala wa majimbo ya kienyeji, zaidi ya 560, walipimwa kwa mizinga: wale wa Hyderabad, Mysore, Baroda, Gwalior na Kashmir walipigiwa 21, wengine wakashuka mpaka 9, na wengi hawakupigiwa hata mmoja.

Pwani ya Afrika Mashariki iliionja bidhaa hiyohiyo. Ali bin Salim, liwali wa Mombasa, alikuwa Sir Ali. Yusufali Karimjee Jivanjee, wa ukoo ambao jina lake limebaki kwenye Ukumbi wa Karimjee jijini Dar es Salaam, alikuwa Sir Yusufali. Koloni likiwa na askari wachache na raia wengi, cheo kisichogharimu zaidi ya karatasi na utepe kilikuwa njia rahisi ya kununua utiifu.

Ndiyo maana kukivua kukawa silaha. Rabindranath Tagore alipewa cheo cha Sir mwaka 1915. Tarehe 13 Aprili 1919 wanajeshi chini ya Jenerali Dyer waliufyatulia risasi umati uliofungiwa ndani ya uwanja wa Jallianwala Bagh, Amritsar, na hata hesabu ya serikali yenyewe ilikubali vifo 379. Mwishoni mwa Mei mshairi huyo alimwandikia Lord Chelmsford, mwakilishi wa Mfalme, akiomba avuliwe cheo. Mwaka uliofuata Gandhi alirudisha nishani ya Kaisar-i-Hind pamoja na medali alizopata Afrika Kusini, na kujivua vyeo kukawa sehemu ya ratiba ya kutoshirikiana na utawala. Kwa hiyo wajumbe wa 1948 hawakulitoa wazo la kufuta vyeo katika kitabu cha siasa cha kigeni. Walikuwa wameona marafiki na ndugu zao wakitenganishwa na neno moja mbele ya jina.

Ila hapa pana mtu anayeivuruga hadithi nzuri. Rettamalai Srinivasan, kiongozi wa Wadalit wa Madras, alikwenda London na Ambedkar mwaka 1930 kwenye mazungumzo ya mustakabali wa India. Serikali ya kikoloni ilimpandisha daraja baada ya daraja mpaka akawa Dewan Bahadur. M. C. Rajah, mwenzake wa Madras na Mdalit vilevile, alikuwa Rao Bahadur. Kwa watu waliozaliwa mahali pao, cheo cha Mwingereza hakikuwa pambo la wasaliti pekee. Kilikuwa mlango mmojawapo uliofunguka. Hata hivyo mtu aliweza kubeba cheo na unajisi kwa pamoja, kimoja juu ya kadi yake ya jina, kingine machoni mwa jirani. Cha kwanza hakikuweza kukifuta cha pili.

Rasimu ya kwanza ya kifungu cha 12 ilikuwa kali mno, kwa kuwa ingemvua hata jenerali ujenerali wake, hivyo Bunge likaongeza msamaha kwa vyeo vya kijeshi na vya kitaaluma. Dakta Ambedkar, mwenye shahada za uzamivu kutoka mabara mawili, hakupoteza kitu. Alipoulizwa aliyekiuka atafanywa nini, alieleza kwamba kukataa vyeo si haki ya mtu bali ni sharti la uraia, na kwamba Bunge la baadaye linaweza kutunga sheria ya adhabu, hata kumvua mtu uraia. Sheria hiyo haikutungwa. Hivyo majirani wawili wakatofautiana tangu mwanzo: Ibara ya 17 ina polisi nyuma yake, ya 18 haina hata faini.

Wala haikugusa vyeo vilivyokwishakuwapo. Watawala wa zamani, waliokubali kuunganisha majimbo yao na India, waliahidiwa na Katiba hiyohiyo posho ya kila mwaka isiyokatwa kodi pamoja na heshima zao. Mtawala wa Mysore alilipwa rupia laki 26 kwa mwaka, katika nchi ambamo mamilioni walilala njaa. Mwaka 1970 waziri mkuu Indira Gandhi alijaribu kuifuta mikataba hiyo na kushindwa kwa kura moja pungufu katika bunge la juu. Akatumia amri ya rais, Mahakama ya Juu ikaitengua. Akaenda kwa wapiga kura, akashinda kwa kishindo mwaka 1971, na mwishoni mwa mwaka huo marekebisho ya 26 ya Katiba yakawafanya wafalme wa zamani raia wa kawaida. Magazeti ya India bado huwaita maharaja. Baadhi yao bado hushinda uchaguzi.

Lakini aliyeikwepa Ibara ya 18 mapema kuliko wote alikuwa serikali. Tarehe 2 Januari 1954, Katiba ikiwa na umri wa miaka minne kasoro siku chache, ilianzisha Bharat Ratna na tuzo za Padma. Watatu wa kwanza kupewa Bharat Ratna walikuwa C. Rajagopalachari, Sarvepalli Radhakrishnan na mwanafizikia C. V. Raman. Wawili wa mwisho walikuwa wameitwa Sir na Mwingereza. Mkongwe wa siasa J. B. Kripalani alipeleka muswada bungeni mwaka 1969 kutaka tuzo hizo zifutwe, akisema ni vyeo vilevile vilivyorudi kwa mlango wa nyuma. Muswada ulianguka. Serikali ya Morarji Desai ilizifuta mwaka 1977, Indira Gandhi akazirudisha mwaka 1980, na mwaka 1991 Morarji Desai mwenyewe akapewa Bharat Ratna. Mwaka mmoja kabla yake alipewa Ambedkar, aliyekuwa amefariki mwaka 1956.

Desemba 1995, katika kesi ya Balaji Raghavan, Mahakama ya Juu iliamua kwamba tuzo si cheo, mradi mwenye nayo asiibandike mbele wala nyuma ya jina lake. Uamuzi huo una akili: usawa haumaanishi kwamba taifa lisimpongeze mwanasayansi. Lakini kwa mtazamaji wa nje una ladha ya mtu aliyekubaliwa kuvaa kofia alimradi asiiite kofia.

Ncha ya chini haikuwa na mchezo wa maneno wa namna hiyo. Sheria ya kuitekeleza Ibara ya 17 ilianza kazi tarehe 1 Juni 1955, na adhabu ya juu ilikuwa kifungo cha miezi sita au faini ya rupia 500, au vyote viwili. Ilikuwa na kipengele kimoja cha werevu: kama aliyezuiwa ni wa matabaka yaliyoorodheshwa, yaani yale ambayo serikali imeyaandika kuwa waathirika wa desturi hiyo, mahakama itachukulia kwamba sababu ni tabaka, na ni juu ya mshtakiwa kuthibitisha vinginevyo. Mwaka 1976 adhabu ziliongezwa na sheria ikabadilishwa jina. Mwaka 1989 ikaja nyingine, kali zaidi, dhidi ya ukatili. Makosa yake yanasomeka kama shajara ya kijiji: kumlazimisha mtu kula au kunywa kisicholika, kumtembeza uchi, kumnyang'anya shamba, kuchafua maji yake. Nyongeza ya 2015 ikataja hata kumvisha mtu shada la viatu. Mtunga sheria habuni mambo hayo kichwani. Kila kipengele kina waathirika wake. (Sheria hiyo inayalinda pia makabila yaliyoorodheshwa, na Wasidi wa Karnataka, ambao wazee wao walitolewa Afrika, waliingizwa katika orodha hiyo mwaka 2003.)

Ukitaka kuona jinsi desturi inavyojifunza kuishi na sheria, tazama vibanda vya chai. Katika vijiji vya Tamil Nadu na Andhra Pradesh palikuwa na bilauri za aina mbili: za watu wa matabaka ya juu, na za Wadalit, ambazo mnywaji aliziosha mwenyewe na kuziweka kando. Kuzitenga bilauri ni kosa la jinai. Basi baadhi ya wenye vibanda wakaleta vikombe vya kutupwa. Mdalit anapewa cha plastiki, mwingine anapewa cha kioo, na polisi akija hakuna ushahidi wa kukamata.

Au tazama ukuta wa Uthapuram, wilaya ya Madurai. Ulijengwa mwaka 1989 baada ya ghasia, ukawa na urefu wa mita 600 hivi, kuitenga sehemu ya Wadalit na sehemu nyingine ya kijiji, na baadaye ukawekewa nyaya za umeme. Ulisimama miaka 19 katika jamhuri ambayo Katiba yake imekomesha kutoguswa. Mei 2008, baada ya kampeni ya wanaharakati na wanasiasa wa mrengo wa kushoto, serikali ilibomoa kipande kidogo ili watu wapite. Mamia ya familia za tabaka lililoujenga zilihama kwa hasira kwenda kupiga kambi milimani, na kurudisha kadi zao za mgao wa chakula. Mtu anayesusa chakula cha bei nafuu kwa sababu ya tundu ukutani hafuati mazoea tu. Anaamini.

Wangapi wanaamini? Utafiti wa India Human Development Survey wa 2011–12, uliozifikia kaya zaidi ya 42,000, uliuliza kwa upole. Kwanza: kuna mtu katika nyumba hii anayefuata desturi ya kutoguswa? Waliojibu hapana waliulizwa zaidi: je, ni sawa mtu wa matabaka yaliyoorodheshwa akiingia jikoni kwenu au akitumia vyombo vyenu? Kwa jumla asilimia 27 ya kaya zilikiri kwa njia moja au nyingine. Vijijini 30, mijini 20, na miongoni mwa Wabrahmini, tabaka la makuhani, zaidi ya nusu. Hao ni waliokiri mbele ya mgeni mwenye dodoso. Sensa ya 2011 ilihesabu watu milioni 201 katika matabaka yaliyoorodheshwa.

Mpaka hapa hadithi inaonekana kukubali mgawanyo rahisi: heshima ilikuwa mali ya dola, kwa hiyo dola iliweza kuisimamisha, ikitaka; aibu ilikuwa mali ya jirani, kwa hiyo dola iliweza tu kumkimbiza jirani huyo kwa polisi na faini. Majaji wenyewe wamekazia jambo hilo, wakisema mwaka 1982 kwamba Ibara ya 17 ni mojawapo ya haki chache zinazomfunga mtu binafsi moja kwa moja, si serikali tu.

Mgawanyo huo unaanza kutitia ukifuata kinyesi kinakokwenda. Kusafisha vyoo vya ndoo na mitaro ya majitaka kumebaki kazi ya jamii zilezile za Kidalit. Bezwada Wilson, aliyezaliwa katika familia ya wazoaji huko Kolar, Karnataka, na kupata tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 2016, ametumia maisha yake kuthibitisha jambo ambalo ofisi zilikuwa zikilikana: kwamba kazi hiyo ipo, na kwamba mwajiri mara nyingi ni serikali yenyewe, kupitia manispaa na shirika la reli. Bunge liliipiga marufuku mwaka 1993 na tena mwaka 2013. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamuru familia ya kila aliyefia mtaroni tangu 1993 ilipwe rupia laki kumi. Mwaka 2023 ikapandisha hadi laki 30. Kiwango cha fidia kimepanda, na wanaume bado wanashushwa kwa kamba ndani ya mashimo ya gesi.

Kisha yakaja magereza. Mwaka 2020 mwandishi wa habari Sukanya Shantha alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba wafungwa katika majimbo kadhaa hupangiwa kazi kwa tabaka. Akalipeleka suala hilo Mahakama ya Juu, na tarehe 3 Oktoba 2024 jopo la Jaji Mkuu Chandrachud, yuleyule wa Sabarimala, likatoa hukumu. Ushahidi haukuwa wa kunong'onezwa. Ulikuwa umechapishwa na serikali. Kanuni za West Bengal zilitaka chakula kipikwe na wafungwa wa tabaka linalofaa, na wafagiaji wachaguliwe kutoka jamii zilizotajwa kwa majina. Za Uttar Pradesh zilimwepusha mfungwa wa kifungo chepesi na kazi za kudhalilisha, isipokuwa awe wa jamii iliyozizoea. Majaji walisema kumwambia mtu kwamba amezaliwa akiwa amezoea kinyesi ndiko kutoguswa kulikokatazwa na Ibara ya 17, na mara hii mtendaji ni dola. Wakatengua kanuni hizo, wakayapa majimbo miezi mitatu kuziandika upya, na wakaamuru safu ya tabaka ifutwe katika daftari za wafungwa, za mahabusu na za waliohukumiwa.